Gurudumu, mkanda au mota ya moja kwa moja: pleya ipi ya zamani ya santuri uichukue uifufue

Swali linalojirudia ni hili: mtu kapata pleya mbili tatu za zamani za santuri, zote zimelala stoo miaka na miaka, vumbi la kufa mtu, anataka kuchukua moja aifufue, achukue ipi? Na majibu mengi yanaanza na jina lililobandikwa mbele, mara Garrard, mara Thorens, mara Technics, utadhani jina ndo linazungusha sahani, yaani lile duara zito linalobeba santuri. Mi naanzia kwingine kabisa. Naangalia kilichokufa humo ndani ni kitu cha aina gani. Ni kitu ambacho leo hii mtu anaweza kukitengeneza au kukinunua kipya, mfano mpira, mkanda, grisi, waya, kapasita (kale kakopo kanakotunza chaji ya umeme)? Au ni kitu kilichotoka kiwandani zamani na kiwanda kikaacha kukitoa, mfano ekseli ya sahani, beringi za mkono unaobeba sindano, chipu maalumu ya kuongoza mota? Ukishajua hilo kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi sana, na mara nyingi pleya yenye sura mbaya inaipiga chini ile inayong'aa.

Kwa asiyejua aina zake, ziko tatu. Ya kwanza ni ya gurudumu: mota ina shafti ya ngazi ngazi, halafu kuna gurudumu dogo la mpira linabanwa kati ya hiyo shafti na ukingo wa ndani wa sahani, ukibadilisha spidi gurudumu linapanda au linashuka ngazi. Humu ndo utakuta Garrard 301 ya Uingereza ya miaka ya 1950 na mdogo wake 401 wa 1965, Dual za Ujerumani zinazojiendesha zenyewe kama 1019 na 1219, na Lenco L75 ya Uswisi, ambayo inafanya vyake maana gurudumu lake limesimama wima linagusa sahani kwa chini na shafti ya mota imechongwa koni, kwahiyo spidi unaitelezesha popote unapotaka. Thorens TD 124 ya 1957 ina mkanda na gurudumu vyote kwa pamoja, sijui walikuwa wanamwogopa nani.

Ya pili ni ya mkanda, mota imekaa pembeni, mkanda wa mpira unavuta sahani. Hapa kuna AR XA ya Marekani iliyotoka 1961, kazi ya Edgar Villchur, kuna Thorens TD 150 na TD 160, Linn LP12 ya Uskochi, na Pioneer PL-12D ya Japani ambayo ilisambaa kila kona. Ya tatu ni ya moja kwa moja, sahani imekaa juu ya mota yenyewe hamna kitu katikati, Technics walianza na SP-10 mwaka 1970, SL-1200 ikafuata 1972, na ile MK2 ambayo madijei wote wanaijua ikaja 1979.

Kujua unayo ipi, toa kile kitambaa au mpira wa juu, inua sahani uangalie. Nyingine zina klipu katikati inabidi uitoe kwanza, usivute kwa hasira.

Umeme kwanza

Usichomeke plagi kabla hujageuza na kuangalia chini. Najua mkono unawasha, ila subiri. Soma kibandiko cha nyuma, kuna volti na kuna hezi, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde, na watu wakishaona volti wanaridhika wanaacha hezi, wakati hapo ndo aina hizi tatu zinaachana. Pleya nyingi za gurudumu na za mkanda zina mota ya umeme wa AC inayofuata hezi za umeme wa ukutani, kwahiyo mashine iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiichomeka kwenye hezi 50 haitaenda mizunguko 33⅓ kwa dakika, itaenda kama 27.8 hivi, mwimbaji anakuwa analalamika badala ya kuimba. Ukifanya kinyume, ya hezi 50 kwenye hezi 60, unapata mizunguko 40 kwa dakika. Transfoma ya kushusha volti haisaidii hapo maana transfoma haibadilishi hezi. Dawa ni kubadilisha puli ya mota, uweke yenye kipenyo cha hezi zako, na kwa mashine maarufu puli hizo zinachongwa mpaka leo. Lenco ile ya koni yenyewe haina shida, unasogeza tu vituo vya spidi. Thorens TD 125 ya 1968 nayo imejitoa kwenye mchezo huu, ni ya mkanda lakini ina saketi yake ya kutengeneza mawimbi ya mota.

Za moja kwa moja hapa zinashinda wazi wazi. Mota yake inaongozwa na saketi ya ndani, hezi za ukutani haziihusu, wewe hangaika na volti tu. Kama ni mashine iliyosafiri kutoka nchi nyingine na hujui puli utaipata wapi, hiyo pointi peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Halafu kuna kile kikapasita kidogo kilichowekwa kwenye swichi ili isitoe mlio wa "pah" ukizima. Cha miaka hiyo kikiwa na ganda linaloonekana kwa ndani na lina nyufa nyufa, unyevu umeshaingia, siku moja kitapasuka kitoe moshi wenye harufu utakayoikumbuka. Haimaanishi mashine ni mbovu, ni kitu cha kubadilisha tu, weka cha daraja la X2 ambacho kimetengenezwa kwa kazi ya kukaa kwenye umeme wa ukutani, usiweke chochote ulichokiona kwenye droo. Angalia na waya: ganda la mpira likikatika ukilikunja kidogo, waya wote wa umeme unabadilishwa kabla ya jaribio lolote, hasa kwa hizi zenye bodi ya chuma.

Zungusha kwa mkono

Jaribio hili halina gharama na linasema mengi. Toa mkanda, au kama ni ya gurudumu hakikisha gurudumu limeachia, halafu sukuma sahani kwa kidole na utege sikio karibu kabisa. Inatakiwa izunguke muda mrefu, ipungue polepole, kimya. Ikisimama ghafla ni mafuta yamekauka yamekuwa gundi, hiyo siyo dhambi, inasafishwa. Ikisaga, yaani unasikia au unahisi kwenye kidole kitu kinakwaruza, hapo toa ekseli uiangalie: ikiwa laini inang'aa, ni uchafu tu, ikiwa na mistari unayoihisi kwa ukucha, basi umegusa kile kitu ambacho hakipatikani dukani. Mafuta yakitoka meusi yana vimetameta vya chuma ndani, jibu ni lilelile. Shika na ukingo wa sahani uitikise kulia kushoto, ikigonga gonga ekseli imeachana na nyumba yake.

Kwa Garrard 301 kuna kitu cha kuangalia zaidi: za mwanzo beringi yake inatumia grisi, za baadaye inatumia mafuta. Ukikuta mtu kajaza grisi kwenye ya mafuta, usiogope, ila utaosha kwa siku nzima.

Za moja kwa moja kuzungusha kwa mkono kunakwambia kidogo tu, maana sumaku za mota zinavuta vuta na ni kawaida kwa baadhi kuhisi inashika shika. Na SL-1200 MK2 usiitafute mota ukashangaa, sumaku imefungwa chini ya sahani yenyewe, ukitoa sahani umeondoa nusu ya mota. Maana yake pia ukiambiwa "nina mashine ila sahani ilipotea", hiyo siyo mashine.

Sasa moja moja: ya gurudumu

Hizi ndo zenye kazi nyingi kuliko zote, na ndo zenye msamaha mkubwa kuliko zote. Karibu kila kinachoharibika ni mpira au grisi.

Angalia gurudumu kwanza. Kama mashine iliachwa imewekwa kwenye spidi, gurudumu limebanwa sehemu moja miaka yote hiyo, mpira unaingia bonde, na ukiwasha utasikia tuk tuk tuk kwa mpigo usiokwisha. Ukikuta limekuwa gumu linateleza, mpira umekufa. Katika hali zote mbili gurudumu linaweza kuvishwa mpira mpya na kuchongwa kwa mashine, na kwa Garrard, Lenco na Thorens unapata hata jipya. Kwahiyo mi sijawahi kuikataa pleya kwa sababu ya gurudumu. Ninachokataa ni lile gurudumu kutokuwepo kabisa kwenye mashine ya jina lisilojulikana, maana hapo hujui hata kipenyo chake.

Mota yake nayo ni ngumu kufa. Mara nyingi bushi zake za shaba zimekauka, unazilowesha mafuta mepesi inarudi. Ila angalia imening'inizwa na nini: 301 mota inaning'inia kwenye springi, TD 124 inategemea vipande vya mpira, na mpira wa umri huo unabomoka ukiugusa. Mota ikigusa bodi moja kwa moja, mtikisiko wote unaingia kwenye sindano, unasikia ngurumo ya chini chini kwenye spika na unadhani mashine ni mbovu kumbe ni vimpira vinne.

Lenco L75 ina ugonjwa wake unaojulikana: mkono umekaa kwenye vipande viwili vyenye umbo la V, na vile vipande vimeoza kwenye karibu kila mashine, ukishika mkono unacheza cheza kama jino la mtoto. Anayeuza anaweza kukupa bei ya kuuaga kwa ajili hiyo, na wewe unabadilisha vipande vipya jioni moja. Uzito wa nyuma wa huo mkono nao huwa unainama kwa sababu mpira wa ndani umelegea, unavishwa mwingine. Sahani yake ina karibu kilo 4 na ni nadra kuwa na shida. Kwa kweli kwa mtu mwenye subira sijui kama kuna mashine inayolipa jasho kama hii.

Dual 1019 na 1219 ni habari nyingine. Zina mtambo mzima wa vyuma chini, mkono unanyanyuka wenyewe, unarudi wenyewe, na grisi ya miaka hiyo imegeuka nta ngumu. Ukiisukuma wenzo wa kuwashia na ukakataa, ACHA, usilazimishe, kuna vipande vya aloi ya zinki humo ndani vikikatika ndo basi tena. Kukwama kwenyewe siyo ubovu, ni kufungua, kuosha na spiriti, kuweka grisi mpya kidogo sehemu sahihi. Kuna pia kincha kidogo cha mpira, punje ya mchele kwa ukubwa, kikichakaa mkono haurudi au unarudi kabla ya wakati, na watu wanatupa mashine nzima kwa sababu yake. Swali la kujiuliza na Dual siyo kama inatengenezeka, inatengenezeka, swali ni kama una meza utakayoiachia vipande vyake wiki mbili bila mtu kuvigusa.

Kingine cha kuhesabu kwa 301, 401 na TD 124: mara nyingi zinauzwa bila kasha na bila mkono. Ulicholipia ni mota na sahani. Kasha zito la mbao na mkono wa kufaa ni mradi wa pili, na wengi wanakwama hapo. Na TD 124 za kwanza zina sahani ya chuma kinachovutwa na sumaku, kwahiyo katriji (kile kipande cha mbele ya mkono kinachoshika sindano) zenye sumaku kali, hasa zile za koili inayotembea, zinavutwa chini na uzito wa sindano unabadilika. Toleo la pili walibadilisha chuma hicho.

Ya mkanda

Hii ndo namshauri anayeanza, bila kuzunguka. Vitu ni vichache, kila kitu unakiona.

Ila jihadhari na ile sentensi "inahitaji mkanda tu". Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa namna ya kukuambia hakuna aliyeijaribu. Washa bila mkanda, puli ya mota izunguke kimya bila kuyumba, iguse kwa kidole uone ina nguvu kiasi gani. Puli ikiyumba, shafti imepinda. Ikipiga kelele, bushi kavu. Mkanda wenyewe usikutishe: wa zamani huwa umeyeyuka umeganda kwenye puli na kwenye sahani ndogo ya ndani, unafutwa na spiriti ya isopropili na kitambaa, inachosha lakini haina ujuzi. Cha kujua kabla hujaagiza ni urefu, zungusha uzi kwenye njia yote ya mkanda upime, mpya unatakiwa kuwa mfupi kidogo kuliko hapo ili ubane, ukibana sana nao unaipinda mota na beringi upande mmoja.

Thorens TD 150, TD 160, AR XA na LP12 zina kitu cha ziada: sahani na mkono vimekaa juu ya bodi ndogo inayoelea kwenye springi tatu. Bonyeza katikati kidogo uachie, inatakiwa ipande ishuke wima mara kadhaa, isiende upande. Ikienda upande ujue springi zimekaa vibaya au waya wa mkono unavuta. Ikigoma kabisa kabla ya kusema imekufa tafuta skrubu za kusafirishia, mara nyingi mtu alizikaza miaka ile akahama nyumba hakuzilegeza tena. Sponji iliyo ndani ya springi za TD 160 inakuwa unga, unaweka nyingine. Yote haya ni marekebisho ya bisibisi na uvumilivu, hakuna kipande cha kutafuta mbali.

Zile za baadaye za plastiki, nyepesi, zenye mota ndogo ya DC, ni rahisi zaidi: nyuma ya mota kuna kitundu chenye skrubu ndogo ndani ya kurekebishia spidi, na mota ikifa nyingine ya aina hiyo hupatikana. Lakini hapo jiulize kama kinachobaki baada ya hapo kinastahili kazi. Sahani ya plastiki, mkono wa plastiki, kasha tupu linaloitika. Mi naiacha.

Ya moja kwa moja

Hii iko tofauti, ni mashine inayoweza kuwa nzima kabisa miaka 40 baadaye bila kuguswa, au ikawa imekufa na wewe huna la kuifanya. Katikati hapana sana.

Ukiiwasha angalia zile nukta za pembeni ya sahani chini ya taa yake. Kwenye MK2 kuna safu nne, ya asilimia 0 ikisimama tuli spidi ni sahihi. Nukta zikitambaa polepole upande mmoja ni marekebisho tu. Zikienda mbele zikirudi nyuma zikienda mbele, saketi inahangaika, mara nyingi ni kapasita zilizokauka au sehemu za lehemu kwenye bodi zilizopasuka ambazo mwenye mkono mzuri anazichoma upya. Spidi ikiruka ukigusa swichi ya 33 na 45 au ukisogeza kile kitelezi cha spidi, ni uchafu kwenye mguso, dawa ya kupuliza ya kusafisha swichi inamaliza. Hizi zote ni habari njema.

Habari mbaya ni sahani ikiondoka kwa kasi haishikiki, au haigeuki kabisa, na ukipima umeme kwenye bodi uko sawa. Hapo mshukiwa ni chipu ya kuongoza mota, nazo zilitengenezwa kwa kazi hiyo tu na hazitoki tena. Dawa pekee ni mashine nyingine mfu ya modeli hiyohiyo, uitoe moyo. Kwahiyo modeli iliyouzwa kwa wingi ina faida kubwa hapa kuliko modeli ya heshima iliyotoka chache. SL-1200 MK2 hata ikifa ina ndugu wengi, vipande viko kila mahali. Modeli ya juu kabisa ya kampuni iliyotoka mwaka mmoja ikapotea, ikifa imekufa, hata kama kwenye karatasi ilikuwa nzuri mara tatu.

Kwa hizi zilizopita mikononi mwa madijei, mota huwa haina tatizo, angalia mkono. Umevutwa, umegongwa, umebebwa kwenye magari usiku. Na hapo ndo tunafika kwenye kitu kinachoamua kuliko aina ya mota.

Mkono

Kama kuna muda wa dakika tano tu za kuangalia mashine, zitumie zote hapa. Sahani mbovu utaisikia, mkono mbovu utaharibu santuri zako kimyakimya.

Weka uzito wa nyuma mpaka mkono uelee, usawa kabisa, haupandi haushuki. Halafu upulizie pumzi kidogo tu kutoka pembeni. Unatakiwa uondoke bila kusita, utembee ndani mpaka nje. Ukisimama sehemu ileile kila mara, beringi ina shimo au waya wa ndani umekaza. Kisha shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, utikise mbele nyuma taratibu sana, ukihisi kagongo kadogo beringi imelegea. Baadhi zina skrubu za kukazia, nyingine hazina na kugusa ni kuvunja. Uzito wa nyuma ukiwa umepotea usichukulie poa, kila mkono una nyuzi zake na uzito wake, wa mashine nyingine haukai.

Kile kinyanyulio cha mkono kikiangusha mkono "tap!" badala ya kuushusha polepole, ni mafuta mazito ya silikoni yamekauka, yanawekwa mengine, isikupe presha.

Waya pima na multimita, toa kwanza kichwa chenye katriji ili usipitishe umeme wa kipimo kwenye koili. Nyeupe ni kushoto, bluu ardhi yake, nyekundu kulia, kijani ardhi yake, kila kipini cha mbele kifike kwenye plagi yake ya nyuma na kisigusane na kingine. Upande mmoja kukosa sauti kwa asilimia kubwa ni kutu kwenye vipini vinne vya kichwa tu, futa kabla ya kulia.

Sindano kukosekana siyo hoja, sindano ya zamani ungeitoa hata hivyo. Ila jua inakaa ya aina gani. Mkono unaokubali katriji ya kawaida ya skrubu mbili uko huru. Bang & Olufsen Beogram ni nzuri kwa macho, lakini nyingi katriji zake ni za kwake peke yake, kwahiyo bila katriji nzima ndani yake bei yake ya kweli ni nyingine. Na mashine zenye katriji ya kauri zinazokandamiza santuri kwa gramu 5 na kuendelea, ziache ziwe mapambo.

Sura sitaisema sana. Mikwaruzo ya kifuniko inang'arishwa, ufa haurudi, bawaba zilizovunjika ni usumbufu. Mbao zinapigwa msasa. Kutu ya juu juu siyo kitu, kutu iliyovimbisha ndani ya nyumba ya beringi ni kitu.

Zikiwa mezani pamoja

Tuseme zipo tatu mbele yako. Lenco L75 chafu, gurudumu lina bonde, mkono unacheza. Thorens TD 160 haina mkanda, mkono safi, springi zimelegea. Technics ya moja kwa moja inang'aa, kifuniko kizuri, sahani inakimbia haishikiki. Mwenye macho ya dukani anabeba Technics. Mi hiyo naiacha ya mwisho, labda niwe na mfu mwingine wa modeli ile nyumbani, au ibainike kitelezi cha spidi ndo kichafu, jambo ambalo ukikisogeza sogeza mara ishirini huku imewashwa unaweza kulijua palepale. Anayefanya kwa mara ya kwanza achukue Thorens, kazi yake inaisha na muziki unasikika kabla hamu haijamtoka. Anayependa kuchafuka na ana subira achukue Lenco, maana kila kilichokufa humo kinapatikana na kilichobaki, yaani ekseli, sahani na mota, ndo vile visivyopatikana na viko hai.

Lakini geuza kidogo: TD 160 ileile mkono umegongwa beringi inagonga, na Technics nukta zinatambaa tu. Sasa Technics imepanda ya kwanza na Thorens imeshuka mpaka chini ya Lenco, ingawa majina hayajabadilika.

Ikiwa umeruhusiwa kuwasha, pima spidi hapohapo bila kifaa: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani uhesabu, mizunguko 100 kwa dakika 3 kamili ndo 33⅓, na kwa 45 ni mizunguko 90 kwa dakika 2. Mashine ya mkanda au gurudumu ikikupa 83 au 84 kwa dakika 3 usimwambie mwenye nayo kuwa mota imechoka, soma kwanza kibandiko, ni puli ya hezi 60 hiyo iko kwenye umeme wa 50. Ikianza chini halafu ikapanda yenyewe baada ya dakika kumi ya kuzunguka, ni mafuta mazito yanapata moto, kaichukue.